Atatoka Lini? Maneno kwa Familia za Waliopasuliwa Shingo

Haya niliyasema Jumamosi katika ukumbi wa parokia moja hapa Katuba, Lubumbashi, mbele ya familia za wagonjwa, wauguzi vijana na chama cha waendesha manseba, zile pikipiki za abiria. Mvua iliwazuia wengi, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani. Mambo ya wagonjwa nimeyabadilisha kidogo ili mtu asitambulikane na jirani yake.

Jambo yenu, wamama. Jambo yenu, wababa. Na ninyi vijana mliobanana pale mlangoni, ingieni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Kabla sijasema lolote, nyosheni mikono mbele. Wote. Hata wewe, katekista. Viganja vitazame chini. Nitatazama saa yangu kwa sekunde 10, na ninyi mtafumba ngumi na kuifungua, mtafumba na kuifungua, vidole vinyooke kabisa kila mara, mbio kadiri mnavyoweza. Kila mtu ajihesabie. Haya, anzeni.

Basi. Nani amefika 20? Naona mikono mingi. Nani amepita 25? Vijana wa manseba, bila shaka, mmezoea breki. Na nani hakufika 20? Mzee wangu, usiufiche huo mkono. Inaweza kuwa ni viungo tu vinakuuma kwa baridi. Tukimaliza nitakuja kwako tuongee.

Mtu mzima mwenye afya hufika 20 au zaidi. Asiyefika, hasa kama kidole kidogo na jirani yake vinabaki nyuma wakati wengine wamekwisha kunyooka, tunaanza kumtazama shingo. Shingo, si mkono. Mtaona kwa nini.

Mimi ni muuguzi. Nimevaa blauzi hii nyeupe miaka 19, na 11 kati ya hiyo nimeimalizia katika wodi ya waliopasuliwa kichwa na uti wa mgongo. Mnajua swali ninaloulizwa kuliko yote? Si "atapona?" Hapana. Ni "Mama, atatoka lini?" Na ninawaelewa. Kila usiku una bei: kitanda, serumu, pamba, na yule ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda huku meza yake sokoni imefunikwa turubai. Atatoka lini?

Lakini kuna swali ndugu yake ambalo hakuna anayeniuliza: "Atarudi?" Miaka 19, sijaulizwa. Mtu akitoka tunapiga vigelegele, tunapakia masufuria, tunakwenda. Baada ya wiki mbili namwona kwenye korido, amebebwa kwenye blanketi. Sasa mimi leo nataka kuwaonyesha kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja, na kwamba sehemu kubwa ya jibu hilo limo mikononi mwenu, halimo kwenye kisu cha dokta.

Huko Marekani hospitali nyingi huhesabu siku 30. Mgonjwa akitoka leo, akalazwa tena kabla ya siku 30 kwisha, inaandikwa. Wameandika hivyo kwa makumi ya maelfu ya watu waliopasuliwa shingo, na yanayorefusha kulala na yanayorudisha watu yanafanana: umri mkubwa, sukari, damu pungufu, sigara, mapafu, figo, moyo, unene uliopita kiasi, udhaifu kabla ya upasuaji, pingili nyingi kuguswa, kisu kupita nyuma badala ya mbele, saa nyingi mezani. Nimeyataja mbio makusudi. Nikiwapa orodha mtaikunja, mtaiweka kwenye Biblia, na itabaki humo. Afadhali niwape watu.

Lakini kwanza neno moja juu ya shingo yenyewe. Ina pingili saba. Twiga naye ana saba, mkitaka kucheka. Katikati ya pingili hizo unapita ugwe, ule waya mkuu wa mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole kidogo. Kila amri ya mkono, ya mguu, ya kibofu, inapita hapo. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Miaka ikienda kisahani hukauka, mfupa huota vijiba, njia ya ugwe inakuwa nyembamba. Au ajali inafanya kwa sekunde moja kile ambacho uzee hufanya kwa miaka 30.

Nianze na fundi cherehani.

Alikuwa na mashine yake kwenye baraza moja huko Kenya. Kenya yetu hii, commune ya hapa Lubumbashi, si nchi. Siku moja akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akanunua miwani. Kwa miwani akasoma gazeti vizuri, lakini uzi ukakataa kuingia, maana jicho halikuwa na kosa. Mwezi uliofuata akaangusha mkasi mara tatu kwa siku moja. Vifungo vya shati akawa anafungiwa na mke wake, yeye aliyeshona vifungo vya nusu ya mtaa. Kisha miguu: akawa anatembea kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, anapanua hatua asianguke. Na maumivu? Hakuna. Nisikilizeni hapo. Hakuna maumivu. Angeumwa, angekuja.

Jirani akasema huo ni mkono wa mtu, kuna mwenye mashine ya pili pale barazani anataka wateja. Akapelekwa kuombewa. Akapelekwa kuchanjwa chale. Sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe sishiki sindano asubuhi kabla sijaomba. Ugomvi wangu ni na ile miaka miwili.

Alipofika kwetu alibebwa na wanawe wawili. Haogi mwenyewe, hali mwenyewe, mkojo unatoka bila kubisha hodi. Picha ikaonyesha ugwe umebanwa mahali patatu. Akapasuliwa kwa nyuma, saa tano mezani, na upasuaji ukaenda vizuri. Mmesikia? Ukaenda vizuri. Na bado alilala wiki sita.

Kwa nini? Kwa sababu kisu kinaondoa mzigo juu ya ugwe, hakifufui sehemu iliyokwisha kufa chini ya mzigo. Aliyeingia amebebwa hatoki anatembea wiki ileile. Alikuja na kidonda cha matakoni alichokipatia nyumbani kwa kulala upande mmoja. Hicho peke yake kilikula wiki mbili. Mkojo ukaingia maambukizi, hiyo ni wiki nyingine. Halafu kushika kijiko upya, kukaa upya, kusimama upya na mtu wa kinezi, yaani wa mazoezi ya viungo, akimshika kiunoni.

Kwa hiyo ukinilazimisha nitaje jambo moja tu linaloniambia nani atakaa sana, sitasema sukari na sitasema umri. Nitakuuliza: kabla ya kisu, alikuwa anaoga mwenyewe? Nimewahi kuwa na babu wa miaka 74, mkulima, aliyekuja akilalamika tu kwamba jembe linamponyoka. Alipasuliwa mapema, siku ya tano akavaa kofia yake akaondoka. Umri unahesabika, ndiyo. Lakini mzee anayejiogesha ananitisha kidogo kuliko kijana anayeogeshwa.

Wataalamu wa uti wa mgongo wa nchi nyingi walikaa wakatoa miongozo 2017. Ugwe ukibanwa na dalili zikawa za kati au kali, wanashauri upasuaji. Zikiwa nyepesi, upasuaji au mazoezi chini ya jicho la mtaalamu, na zikizidi, upasuaji. Hakuna mahali panaposema mtu anayeangusha mkasi arudi nyumbani akangoje aone.

Mbele au nyuma? Wengi huniuliza. Kisu cha mbele hupita kando ya koo, misuli husukumwa pembeni, haikatwi sana. Kwa pingili moja au mbili, mahali palipo na vifaa vyote, wengi hutoka kesho yake. Kisu cha nyuma hupita katikati ya misuli minene ya kisogo. Damu zaidi, maumivu zaidi, kidonda chenye hatari zaidi ya kuoza, siku zaidi. Lakini msiende kumwambia dokta "mpasue mbele, tuna haraka". Njia inachaguliwa na mahali ugwe ulipobanwa, haichaguliwi na haraka ya familia.

Sasa nije kwa yale yanayofichwa.

Mstaafu mmoja wa migodi, mtu wa heshima zake. Usiku wa kabla ya upasuaji anakuja mtu wa usingizi, yule anayekulaza kabla ya kisu, na karatasi yake, anauliza: "Papa, unakunywa pombe?" Mke ameketi kulia. Mchungaji ameketi kushoto, amekuja kumwombea. Mlitegemea ajibu nini? "Kidogo tu, kwenye sherehe." Ikaandikwa hivyo.

Upasuaji ukaenda safi, pingili moja, kwa mbele. Siku ya kwanza akanywa uji. Siku ya pili akatembea hadi mlangoni. Usiku wa tatu nikaitwa. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaona wadudu ukutani, ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Amekwisha kung'oa serumu, na ile kola ngumu ya shingo, wengi wenu mnaiita minerve, ameitupa chini ya kitanda cha jirani. Fikirini: shingo iliyoungwa siku tatu zilizopita, na mtu anapigana na ukuta! Tukatafuta malaria. Tukatafuta maambukizi. Alfajiri kijana wake akanivuta kwenye korido akasema kwa sauti ya chini kama anayekiri wizi: "Mama, Papa anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku. Kikombe cha kwanza kabla ya chai."

Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiikosa ghafla, hupanda hivyo kati ya siku ya pili na ya nne. Unaweza kuua. Dawa zipo, na ukijua mapema unaanza kumkinga mapema. Sisi tulijua siku ya nne. Mtu wa siku tano akalala 17.

Nawaomba jambo moja: mtu wa usingizi akija na karatasi yake, familia tokeni nje. Mchungaji naye atoke. Kile ni chumba cha kitubio. Na mgonjwa aseme yote: lutuku, sigara, dawa za miti shamba, dawa za kutuliza maumivu alizozoea kumeza kila usiku, kukoroma kunakomkata pumzi usingizini. Huyo mtu wa usingizi hakuhukumu; anakupanga kwenye ngazi. Wanatumia ngazi ya chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani: 1 ni mzima kabisa, 2 ana ugonjwa mwepesi uliotulizwa, 3 ana ugonjwa mzito wa mwili. Kuanzia 3 na kupanda, tunajua siku zitaongezeka, tunajipanga. Ukimdanganya anakuweka ngazi ya 1 na mwili wako uko ya 3. Nani aliyedanganywa hapo?

Sukari nisiipite. Kuna ndugu hufunga kula siku mbili ili kipimo kitoke kizuri. Sawa, kuna kipimo kingine kinachosoma wastani wa miezi mitatu, na hicho hakidanganyiki na saumu yako. Kikizidi asilimia 8, wapasuaji wengi huahirisha upasuaji usio wa haraka. Msikasirike mkiahirishiwa. Sukari ya juu hulisha vijidudu kwenye kidonda na kuzuia nyama kushikana.

Sigara: acha angalau wiki nne kabla, na usiirudie baada ya kutoka. Pingili zikiungwa kwa kipande cha mfupa na bamba la chuma, nikotini hubana mishipa inayopeleka damu hapo, na mfupa unakataa kushikana. Damu, kwa kipimo cha hemoglobini: mwanamume chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke chini ya 12, hiyo ni damu pungufu, na hapa kwetu kwa malaria na minyoo wako wengi wanaotembea na 9 wakidhani ni uchovu. Tafuta sababu yake wiki kadhaa kabla, usingoje kutafuta mtoa damu usiku wa upasuaji. Na chakula. Mifupa haijengwi kwa bukari, ugali wetu, peke yake. Mayai, ndakala wale samaki wadogo wakavu, maharagwe, vinkubala, yaani viwavi. Ndiyo, vinkubala, msikunje uso, ni nyama ya kutosha kabisa.

Nimetaja bukari. Mnisamehe, lazima niseme habari ya bukari.

Mzee mwingine alipasuliwa kwa mbele. Nimesema kisu hupita kando ya koo. Umio husukumwa pembeni kwa muda, unavimba, na siku za kwanza kumeza kunagoma. Kwa wengi hupungua kwa siku au wiki chache. Siku ya pili dada yake akafika kutoka Likasi. Amesafiri tangu alfajiri, amebeba bukari ya moto na sombe, yaani kisamvu, amefunga kwenye kitenge isipoe. Anamkuta kaka yake amelala chali, macho yamefumba, midomo imekauka. Angefanya nini dada? Akamega tonge, akachovya, akamlisha. Alale hivyohivyo, asisumbuke.

Nilipofika alikuwa anakohoa taratibu, na sauti yake ilikuwa na maji. Mkisikia sauti yenye maji, kama mtu anayeongea huku anasukutua, jueni kitu kimekwenda njia isiyo yake. Kesho yake homa. Keshokutwa pafu la kulia limejaa. Akalala siku 22.

Yule dada alilia mbele yangu, na mimi sikuwa na neno la kumkaripia, kwani ni nani alimwambia? Hakuna. Mimi nilikuwa zamu, na sikumwambia. Tangu siku hiyo wodini kwetu hakuna chakula kinachoingia kinywani mwa mtu wa shingo kabla ya sisi kumkalisha wima na kumpa kijiko kimoja cha maji mbele ya macho yetu. Akikohoa, tunangoja. Asipokohoa, uji mzito, kijiko kidogo, taratibu, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Tonge la bukari ni la baadaye. Mwulizeni muuguzi lini.

Na hapohapo, kwa kuwa niko kwenye koo: saa za kwanza, hasa siku ya kwanza, ninyi mlio kando ya kitanda ndio macho yetu. Shingo ikivimba ghafla, sauti ikibadilika, mtu akakataa kulala chali kwa kuwa pumzi haiji, usitafute viatu, kimbia peku uniite. Damu inaweza kuwa inajikusanya ndani na kubana njia ya hewa. Tunaweza kulazimika kufungua nyuzi palepale kitandani. Hilo halingoji dokta amalize chai.

Kuhusu kutembea nitasema kifupi. Dokta akiruhusu, mgonjwa asimame. Anayelala sana hupata donge la damu mguuni, hupata mapafu, hupata choo kigumu. Mpira wa mkojo utolewe mapema inavyowezekana. Kila siku unaobaki ndani ni mlango wazi. Na nitasema jambo ambalo wakubwa wangu hawatalipenda: anayepasuliwa Ijumaa mara nyingi mtu wa kinezi humwona Jumatatu. Hizo ni siku mbili za bure. Ulizeni, hamtafukuzwa kwa kuuliza.

Sasa tuongee falanga, maana najua ndizo mlizojia.

Kuna siku za mwili na kuna siku za mfuko. Kijana mmoja wa manseba, kama ninyi pale, aliangushwa na gari, akavunjika pingili ya sita. Alikuwa na bahati, ugwe haukuguswa. Akaungwa. Siku ya tisa dokta akasaini atoke. Alitoka siku ya 38. Siku 29 alikaa mzima, amevaa kola yake, anasaidia wengine kubeba ndoo, kwa sababu bili haijamalizika na mlinzi wa lango anadai karatasi ya kutoka. Hospitali hiyo siitaji, na wala si peke yake. Bili inaongezeka kwa sababu kitanda kinalipiwa, kitanda kinalipiwa kwa sababu bili haijaisha. Mama yake alilala juu ya katoni. Wiki ya nne kijana akapata homa ya wodi ambayo nyumbani asingeipata. Na mgonjwa mwingine, mwenye ugwe uliobanwa, alirudishwa kwao mara mbili kwa kukosa kitanda. Hicho kitanda nilikuwa nakiona. Kilikuwa na mtu mzima juu yake.

Msidhani ni sisi tu. Huko Marekani pia, asiye na bima nzuri au asiye na mtu wa kumpokea nyumbani hulala siku zaidi; wengine hungoja nafasi katika nyumba za mazoezi. Mfuko na familia vinahesabika kila mahali, tofauti ni mlinzi wa lango.

Kwa hiyo chama cha manseba, ninasema nanyi. Mna likelemba, ule mchango wa pamoja, ya kununua pikipiki. Mna ya harusi. Mna ya matanga. Ya shingo iko wapi? Kila mwezi kidogo, kwa mtu wenu atakayeanguka, na ataanguka, mnajua barabara zetu. Na familia: ombeni makadirio ya bei kwa maandishi kabla ya upasuaji, muulize kitanda ni kiasi gani kwa siku, muulize nani wa huduma za jamii wa kuongea naye. Ulizeni siku ya kwanza, wakati bado mna nguvu ya kuuliza.

Nije kwangu mwenyewe. Niliahidi nitaongea ukweli.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtoa mgonjwa mmoja, mwalimu, siku ya saba. Kidonda kikavu, anatembea na fimbo, anakula. Nikamwelezea dawa, nikamwelezea kola, nikamwandikia tarehe ya kurudi. Nilikuwa na kitanda cha kujaza na nilijivuna kwamba ametoka mapema. Usiku wa pili nyumbani akaamka kwenda haja. Choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja, ngazi mbili za matofali, shimo la kuchuchumaa, umeme umekatika. Mwenye kola hawezi kuona miguu yake mwenyewe. Jaribuni: inueni kidevu hivi, mtazame vidole vya miguu bila kuinamisha kichwa. Mnaviona? Hata yeye hakuviona. Alianguka, skrubu moja ikalegea, akarudi mezani.

Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimuuliza kuhusu homa, kuhusu maumivu, kuhusu dawa. Sikumuuliza choo chake kiko wapi.

Sasa nauliza. Nauliza choo, nauliza ngazi, nauliza kitanda au godoro chini, nauliza nani yuko nyumbani mchana wengine wakienda sokoni, nauliza nani atachota maji. Wengine wanacheka: "Mama, unataka kununua nyumba yetu?" Ndoo ya usiku kando ya kitanda, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo, tochi iliyofungwa kwenye fimbo. Seremala wa mtaani kwenu anakitengeneza hicho kiti asubuhi moja.

Na kidonda. Mama mmoja, muuzaji wa vitenge, alipasuliwa kwa nyuma. Kisogo kikanyolewa. Mwanamke wa sokoni, anajiona kama kuku aliyenyonyolewa. Siku ya tisa nyumbani akamwita msusi, akasukwa nywele za bandia zifunike mshono. Shangazi akaleta mafuta ya ngazi, yaani mawese, na unga wa mti fulani, wakapaka kila jioni. Joto, jasho, mafuta, nywele juu. Siku ya 16 mto ukalowa usaha. Tukafungua, tukaosha, tukaanza dawa za wiki nyingi. Kidonda kikioza, mara nyingi hujionyesha wiki ya pili au ya tatu. Yaani wakati ambapo nyumbani wamekwisha kuacha kukitazama.

Basi kitazameni. Kila siku, mchana, kwenye mwanga. Kikiwa chekundu, cha moto, chenye usaha au maji meupe yanayochuruzika yasiyokoma, njoo. Homa, njoo. Mguu mmoja umevimba, au kifua kinachoma na pumzi fupi, njoo leo. Mkojo umegoma, njoo leo. Udhaifu mpya wa mkono au mguu, njoo leo. Kuna udhaifu mmoja wa bega, mtu anashindwa kuinua mkono hadi kichwani siku chache baada ya upasuaji. Unatisha sana, na kwa wengi hurudi wenyewe polepole kwa miezi. Lakini hujui wewe kama ndio huo. Njoo tuutazame.

Msione aibu kurudi. Aliyerudi siku ya kwanza ya homa naweza kumshughulikia akaenda zake. Aliyejificha wiki nzima kwa kuogopa bili, huyo atalala mwezi. Na hospitali ikijisifu kwamba wagonjwa wake hawarudi, waulizeni kama wanajua walikwenda wapi. Mtu anapasuliwa hapa, anaoza kule, na daftari la hapa linabaki safi. Ndiyo maana karatasi ya kutoka ni mali: iliyopasuliwa ni pingili gani, chuma gani kimewekwa, dawa gani. Nimewahi kumpokea mtu aliyepasuliwa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, usiku, anatoka jasho, na karatasi yake imebaki ndani ya sanduku kwa shemeji Kolwezi. Tulifanya kazi kama vipofu hadi asubuhi. Piga picha kwa simu, mtumie mtu wa pili.

Nimeongea sana, na maneno hayageuzi mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa mbili, usiku na mchana, shingo na mwili kwa pamoja kama gogo, na mara nyingi watakaomgeuza ni ninyi. Nimekuja na mkeka. Nataka watu wanne hapa mbele na mmoja wa kulala. Katekista, wewe lala, leo ni zamu yako kubebwa. Baba mwenye shati la bluu, piga magoti huku kichwani. Mkono mmoja kila upande, vidole chini ya mabega yake, kichwa chake kikae kati ya mikono yako. Wewe ndiye unayehesabu, na hakuna anayesogea kabla hujasema tatu. Wengine watatu, huku ubavuni, mikono begani, nyongani, magotini. Mko tayari? Baba, hesabu.